Nyimbo za Kilatini Kwenye Daftari za Kodi: Kisa cha Kurasa za Ngozi za Helsinki

Katika Maktaba ya Taifa ya Finland, mjini Helsinki, kuna kurasa za ngozi zinazokaribia 10,000. Zimetoka katika vitabu 1,500 hivi vya Zama za Kati, vitabu ambavyo leo vimebaki vipandevipande tu. Kimoja kimebakiza kurasa kumi na kadhaa, kingine ukurasa mmoja, kingine utepe wa upana wa vidole viwili. Sehemu kubwa kabisa ni vitabu vya ibada kwa Kilatini: misale za padre, graduale za kuimbia Misa, antifonari na breviari za masifu ya mchana na usiku. Mkusanyiko mzima unaitwa Fragmenta membranea.

Chukua ukurasa mmoja wa kawaida uutazame. Upande mmoja ni safi: wino bado mweusi, mistari minne myekundu imenyooka, noti za mraba zinapanda na kushuka juu ya maneno ya Majilio, majuma ya kabla ya Krismasi. Geuza. Upande wa pili umekuwa wa kahawia, umesuguliwa na mikono ya watu na mbao za rafu. Katikati pana mkunjo wenye matundu ya sindano. Kisha, juu ya noti zenyewe, mara nyingine kichwa chini miguu juu, mtu wa karne ya 16 ameandika kwa mwandiko wa haraka haraka jina la wilaya, aina ya hesabu na mwaka.

Ukurasa huo ulikuwa jalada la daftari la kodi. Kisa chenyewe ni hiki: nani alivivunja vitabu hivi, kwa nini, na je, tunaweza kujua kila ukurasa uliimbiwa kanisa gani?

Tuanze na mvunjaji. Wakati huo Finland ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi, ikiwa na jimbo moja la kanisa, Turku. Mwaka 1523 Gustav Vasa alichaguliwa kuwa mfalme, akiwa na deni kubwa kwa mji wa Lübeck uliomsaidia kumng'oa mfalme wa Denmark. Fedha zilikuwa kwa maaskofu na watawa. Mwaka 1527, katika mkutano wa Västerås, ufalme ulijipa haki ya kuchukua mali za kanisa, na mlango wa mafundisho ya Luther ukafunguka hapohapo. Baada ya hapo mfalme akajenga kitu ambacho Uswidi haikuwa nacho: utawala wa kodi wenye makaratasi. Kila mtoza kodi wa wilaya alitakiwa kuandika hesabu zake mwaka hadi mwaka, nafaka ngapi, siagi kiasi gani, ngozi za wanyama ngapi, na hesabu hizo zikakaguliwe na ofisi ya fedha ya mfalme huko Stockholm.

Hesabu ziliandikwa kwenye karatasi. Karatasi ikikunjwa na kushonwa bila jalada haichukui muda kuchanika, hasa ikisafirishwa kwa jahazi kuvuka Ghuba ya Bothnia. Ngozi ya ndama au kondoo ni imara, inapindika bila kupasuka, na maji kidogo hayaidhuru sana. Ngozi mpya ilikuwa ghali. Ngozi iliyokwisha kuandikwa ilikuwepo tele makanisani, katika vitabu vikubwa ambavyo ibada mpya ilikuwa haivihitaji tena. Antifonari ya kuwekwa kwenye kiegemeo ili kundi zima la waimbaji lisome pamoja ina kurasa kubwa mno: ukurasa mmoja unatosha kufunika daftari. Kwa kitabu kidogo zaidi walichukua kurasa mbili za ngozi zilizoshikana, wakazitandaza, wakaweka hesabu katikati, wakapiga sindano.

Wengi husimulia habari hii kama vita vya Walutheri dhidi ya Kilatini. Sikubaliani nao, na sababu zangu ziko kwenye majalada yenyewe. Kazi hii ilianza miaka ya 1530 na kuendelea hadi miaka ya 1630 hivi, takriban miaka mia moja. Mtu mwenye hasira na kitabu hukichoma siku hiyohiyo. Hakiweki kabatini akikata ukurasa mmoja mmoja kadiri ya mahitaji ya ofisi. Isitoshe, nyimbo za Kilatini hazikufa na Papa. Mikael Agricola, aliyekuja kuwa askofu wa Turku, alichapisha Misa ya Kifini mwaka 1549, lakini Kilatini kiliendelea kuimbwa makanisani na shuleni sambamba na Kifini. Mwaka 1582, zaidi ya nusu karne baada ya Västerås, mwanafunzi Mfini Theodoricus Petri alichapisha huko Greifswald Piae Cantiones, mkusanyiko wa nyimbo 74 za Kilatini zilizokuwa zikiimbwa na wanafunzi wa nchi yake. Watu waliokuwa wakichapisha Kilatini kipya na watu waliokuwa wakikata Kilatini cha zamani waliishi wakati mmoja, pengine mtaa mmoja.

Kwa hiyo tunayemtafuta ni karani. Karani hakuwa na ugomvi na Mtakatifu Dominiko. Alikuwa na daftari lisilo na jalada. Nani kati yetu hajawahi kununua vitumbua vilivyofungwa kwa karatasi ya mtihani wa mtu, maksi nyekundu zinaonekana kupitia mafuta? Aliyeifunga hakuwa na neno na mwanafunzi.

Uharibifu ulikuwa mkubwa hata hivyo, sitaki kuupunguza. Kitabu cha nyimbo kina mpangilio: sikukuu inafuata sikukuu, wimbo wa mwanzo unafuatwa na zaburi, kiitikizano kinamjibu msomaji. Ukikata ukurasa umekata mwaka wa kanisa katikati. Majalada mengi yamepunguzwa juu na chini ili yalingane na karatasi, na pamoja na ukingo ulioondoka zimeondoka namba, majina ya sikukuu na mstari wa kwanza wa noti.

Lakini kisu hichohicho ndicho kilichotuachia ushahidi. Tarehe 4 Septemba 1827 mji wa Turku uliungua. Maktaba ya chuo kikuu, iliyokuwa na vitabu 40,000 hivi, ilibaki na mia chache tu. Kitabu cha nyimbo ambacho kingekuwa kimetunzwa kwa heshima zote kwenye rafu ya chuo kingeishia kuwa majivu. Kurasa zilizodharauliwa zilikuwa zimeshonwa kwenye nyaraka za serikali, na nyaraka za kodi ni kitu ambacho hakuna dola inayokitupa kirahisi. Urusi ilipoitwaa Finland mwaka 1809, hesabu zilizohusu Finland zilikabidhiwa na Uswidi, na majalada yakaja nazo kwa sababu yalikuwa yamezishika. Ndiyo maana leo baadhi ya kurasa ziko Helsinki, na nyingine, vipande zaidi ya 22,000, ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Uswidi mjini Stockholm.

Hapo ndipo likatokea jeraha la pili, ambalo huzungumzwa kidogo kuliko linavyostahili. Huko Uswidi majalada mengi yaliachwa mahali pake, yakiendelea kufunika hesabu zilezile. Huko Finland, katika karne ya 19, yalibanduliwa na kupelekwa kwenye maktaba ya chuo kikuu, huku hesabu zikibaki upande wa nyaraka za serikali. Nia ilikuwa njema: walitaka kuwatunzia wasomi mabaki ya kale. Ila ukurasa ulipobanduliwa uliachana na jirani yake wa miaka 300. Kilichookoa hali ni ule mwandiko wa karani. Aliyechafua noti kwa kuandika wilaya na mwaka juu yake ametuachia anwani. Mara nyingi, bila maandishi hayo, tungekuwa na wimbo mzuri usio na kwao.

Mtu wa kwanza kuupanga mzigo huu kwa utaratibu alikuwa Toivo Haapanen, na inafaa tumtaje kwa sababu hakuwa mtu wa maktaba peke yake. Alikuwa mwanamuziki, kuanzia mwaka 1929 aliongoza okestra ya redio ya Finland. Katalogi yake ya misale ilitoka mwaka 1922, ya graduale na vitabu vya masomo ya Misa mwaka 1925, ya breviari mwaka 1932. Katikati yake, mwaka 1924, akatoa utafiti wake juu ya vipande vyenye alama za kale za muziki. Antifonari, kundi gumu kwa wingi wake, zilisubiri hadi Ilkka Taitto alipotoa katalogi yake mwaka 2001.

Kazi ya Haapanen ilikuwa kuunganisha. Ukurasa wa wilaya hii na ukurasa wa wilaya ile, je, ni wa kitabu kimoja? Anatazama mkono wa mwandishi, idadi ya mistari, upana wa safu, rangi ya herufi kubwa, umbo la noti. Vikilingana, kurasa zinaingia kwenye namba moja. Ndivyo kurasa karibu 10,000 zilivyorudishwa kuwa vitabu 1,500. Sifa zake ninampa bila kusita, ingawa hesabu hiyo haiwezi kuwa ya mwisho: mwandishi mmoja huandika vitabu viwili vinavyofanana, na kitabu kimoja huweza kuandikwa na mikono mitatu.

Ukurasa unatambuliwaje hasa? Maneno ndiyo ya kwanza. Ukikuta Ad te levavi yenye herufi kubwa iliyopambwa, umeshika mwanzo wa graduale, Dominika ya kwanza ya Majilio. Ukikuta Aspiciens a longe, ni antifonari, kiitikizano cha kwanza cha masifu ya usiku ya Dominika hiyohiyo. Puer natus est nobis ni Misa ya mchana ya Krismasi. Mtu aliyewahi kuimba Kilatini na wamonaki wa Kibenediktini wa Peramiho au Ndanda anaweza kuvitambua baadhi ya vipande hivi kabla ya mtaalamu kufungua kompyuta yake, maana nyimbo nyingi ni zilezile hadi leo.

Baada ya maneno unakuja mpangilio, na hapa ndipo kazi inaponoga. Makanisa ya Ulaya yaliimba viitikizano vilevile vya Majilio lakini si kwa mfuatano mmoja. Mmonaki Mfaransa René-Jean Hesbert alikusanya mifuatano hiyo katika juzuu sita zilizotoka kati ya 1963 na 1979, akaonyesha kwamba mfuatano wa nyimbo hufanya kazi kama alama ya kidole: hapa ni wamonaki, hapa ni kanisa kuu la mji fulani. Hata kuhesabu kunasaidia. Sikukuu kubwa ikiwa na masomo tisa na viitikizano tisa usiku, kitabu ni cha mapadre wa jimbo au cha mashirika kama Wadominiko, wafuasi wa Mtakatifu Dominiko. Vikiwa kumi na viwili, ni cha wamonaki. Leo kazi hiyo inafanywa kwa hifadhidata ya Cantus, iliyoanzishwa Marekani na Ruth Steiner miaka ya 1980 na sasa inaendeshwa kutoka Kanada. Unaandika maneno matano yaliyosalia kwenye utepe wa ngozi, nayo inakuletea nyimbo zinazowezekana na sikukuu zake.

Halafu noti. Kurasa kongwe zina alama ndogo juu ya maneno bila mstari wowote. Zinamwambia mwimbaji sauti ipande au ishuke, itulie au ikimbie, lakini hazisemi ipande kiasi gani. Aliyezitumia alikuwa ameshaukariri wimbo. Guido wa Arezzo aliposambaza mbinu ya mistari katika karne ya 11 mambo yakaanza kubadilika, na kufika karne ya 13 noti za mraba kwenye mistari minne zilikuwa zimeenea sehemu nyingi. Kurasa kongwe za Helsinki zina alama za mitindo ya Uingereza na Ujerumani, na hilo linaendana na historia ya dini kaskazini: wamisionari na vitabu vilitoka pande hizo mbili. Baadhi ya kurasa ni za zamani kuliko jimbo la Turku lenyewe, maana yake kitabu kilifika kikiwa tayari kizee, au hakikufika Finland kamwe.

Hapo tumefika kwenye fundo la kisa. Ukurasa uliofunika hesabu za wilaya ya Finland, je, ulitoka kanisa la Finland? Jibu la haraka ni ndiyo, na kwa muda mrefu watu walilichukua hivyo. Lakini hesabu zilikwenda Stockholm kukaguliwa. Kama daftari lilipewa jalada na mtoza kodi kabla ya kusafiri, ngozi huenda ni ya parokia ya jirani. Kama lilipewa jalada na makarani wa Stockholm, ngozi inaweza kuwa imetoka popote katika ufalme. Njia zote mbili zilitumika.

Dawa ni kutazama mtawanyiko. Kurasa za kitabu kimoja zikionekana juu ya hesabu za wilaya moja, mwaka huu, mwaka ujao na unaofuata, ni wazi kuna mtu alikuwa na kitabu hicho karibu na akikikata polepole. Kurasa za kitabu kimoja zikionekana mwaka mmoja juu ya hesabu za Finland na za kusini mwa Uswidi, kisu kilikuwa Stockholm. Angalia basi jinsi mambo yalivyogeuka: ili kujua kwao wimbo, ushahidi bora ni tarehe ya kodi ya siagi. Msomi wa muziki asiyejali hesabu hizo amejinyima nusu ya jibu.

Ushahidi wa ndani nao una mtego wake. Wadominiko walifika Turku mwaka 1249, na katika karne ya 14 jimbo zima lilipokea ibada yao, jambo ambalo majimbo machache sana ya Ulaya yalilifanya. Misale ya Turku iliyochapishwa Lübeck mwaka 1488, kitabu cha kwanza kuchapishwa kwa ajili ya Finland, imejengwa juu ya misale ya Kidominiko. Ungedhani hilo linarahisisha kazi: ukurasa wa Kidominiko ni wa Turku. Lakini Wadominiko walikuwa na nyumba Uswidi pia, Sigtuna, Skänninge, Västerås na kwingineko, na shirika hilo lilishika ufanano kuliko wote. Chini ya mkuu wao Humbert wa Romans, mwaka 1256, nyimbo zao zilikamilishwa katika nakala moja ya mfano, pamoja na masharti ya namna ya kunakili noti na mistari. Kadiri Wadominiko walivyofaulu kuimba kitu kimoja kila mahali, ndivyo mtafiti wa leo anavyoshindwa kujua walikiimbia wapi.

Kinachofungua ni watakatifu. Thoma wa Akwino alitangazwa mtakatifu mwaka 1323 na Birgitta wa Uswidi mwaka 1391. Jina likiwa limeandikwa na mwandishi wa kitabu mwenyewe, kitabu ni cha baada ya hapo. Likiwa limeongezwa pembeni na mkono mwingine, kitabu kilikuwepo kabla na kiliendelea kutumika. Shahidi bora kwa Finland ni Mtakatifu Henrik, askofu ambaye kwa masimulizi alizaliwa Uingereza na kuuawa na mkulima Lalli kwenye barafu ya ziwa Köyliö. Uppsala, makao ya askofu mkuu wa Uswidi, walimwadhimisha tarehe 19 Januari, Turku tarehe 20. Turku walikuwa na sikukuu yake ya pili tarehe 18 Juni, ya kuhamishwa kwa masalia yake. Ukurasa wa kalenda wenye tarehe hizo za Turku unaumaliza ubishi. Ukurasa wenye wimbo wake tu, bila tarehe, haumalizi, kwani Waswidi nao walimheshimu.

Siku hizi kurasa za Helsinki zimepigwa picha zote na ziko wazi kwenye intaneti, bila malipo. Fragmentarium, mradi wa Fribourg nchini Uswisi ulioanza kutoa huduma mwaka 2017, unawezesha kuweka pamoja kwenye skrini kurasa zilizoko nchi mbalimbali. Kwa vitabu vilivyogawanywa na mpaka wa 1809 ni faida kubwa: nusu ya Stockholm na nusu ya Helsinki zinasomwa kwa mfuatano bila nchi yoyote kuombwa irudishe kitu.

Bado, mtu akiuliza ni kurasa ngapi kati ya hizo 10,000 ziliimbiwa Finland kweli, jibu la haki linatolewa kitabu kwa kitabu. Kwa baadhi, majalada ya wilaya moja miaka mfululizo na Henrik wa tarehe 20 yanakutana, na hukumu ni nyepesi. Kwa vitabu vilivyobakiza ukurasa mmoja tu, Dominika ya kawaida isiyo na mtakatifu yeyote, noti za mraba zinazofanana na za nyumba yoyote ya Kidominiko, na maandishi ya karani yaliyokatwa na mkasi wa aliyebandua, katalogi huandika karne na aina ya kitabu, na mahali pa asili huachwa wazi.